Maswali ya bandani: gemu, mashine na kampuni zenye funguo

Nina banda la gemu Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa kumi na nne. Nilianza na PS2 (PlayStation ya pili ya Sony) mbili zilizochipiwa, yaani zimetiwa chipu zisome CD za kunakili, na TV mbili za chogo. Siku hizi kuna PS4 nne na PS5 moja, ambayo haishiki mtu aliyetoka kula chipsi mpaka anawe. Pembeni nina meza ya ufundi. Maswali ninayoulizwa ni yale yale, yanatoka kwa wateja, kwa wazazi wa wateja na kwa ndugu walioko nje wanaotaka kujua watume mashine gani. Nimeyaandika hapa ili mtu akiniuliza nimtumie hii, nami niendelee na kazi. Tarehe na bei nimezihakikisha. Maoni ni yangu, na ukibisha njoo tubishane huku unalipia mechi.

Nikinunua gemu, si ni yangu?

Ukinunua CD, kwa sehemu kubwa ni yako. Utaicheza, utamwazima mwenzio, ukiichoka utaniletea niinunue, nami nitalalamika kwamba ina mikwaruzo ili upunguze. Ukinunua kwenye duka la mtandaoni umelipia ruhusa ya kucheza, na aliyekupa ruhusa anaweza kuiondoa. Wengi hudhani natia chumvi. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, kwamba duka la namna hiyo likiandika "nunua" limweleze mteja waziwazi kuwa anapewa leseni. Yaani neno moja lilikuwa limeshapoteza watu wa kutosha hadi likafikishwa bungeni.

Mfano ninaoutoa kila siku ni The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka mwaka 2014. Ilikuwa lazima iwe imeunganishwa na seva za kampuni hata ukicheza peke yako chumbani. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na kila aliyekuwa nayo, hata mwenye CD mkononi, akabaki na kitu cha kutundika shambani kufukuza ndege. Mmarekani mmoja, Ross Scott, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games. Kufikia Julai 2025 saini za raia wa Umoja wa Ulaya zilikuwa zimepita milioni moja, kiwango ambacho Kamisheni ya Ulaya haiwezi kukinyamazia. Wanachoomba ni kidogo mno: mkizima seva, mtuachie gemu ikiwa bado inachezeka.

Mimi huwaambia watu kwamba wao ni wapangaji. Umepaka rangi, umetundika pazia, umelipa kodi ya mwaka mzima, lakini mwenye nyumba ana ufunguo wa pili. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba wa Ngamiani angalau utamfuata kwake umgongee.

Basi CD ndiyo salama?

Salama zaidi, ila wanaibana polepole.

Ndani ya PS4 kuna betri ndogo ya duara, kama ile ya rimoti ya gari. Kazi yake ni kutunza saa. Ikifa, mashine huomba saa kutoka kwenye seva za Sony. Mwaka 2021 watu wakagundua kwamba betri ikiwa imekufa na seva zisipatikane, PS4 inakataa kufungua hata gemu ya CD, ati haijui leo ni tarehe ngapi na inaogopa usijiandikie vikombe, zile tuzo za ndani ya gemu, kwa tarehe ya uongo. Mashine nzima, kioo kizuri, CD safi, inagoma kwa ajili ya betri ambayo haizidi bei ya soda mbili! Sony walilirekebisha kimyakimya kwenye toleo la 9.00 la programu ya mashine, Septemba 2021. Kwa miaka minane hakuna aliyejua kwamba kila PS4 iliyouzwa ilikuwa na siku yake ya kufa. Nilipozisoma habari hizo nilizifungua zangu zote usiku ule ule nikabadili betri, na sijawahi kulala vizuri kama siku ile.

Zilizofuata zimezidi. PS5 za umbo jipya, zilizotoka mwishoni mwa 2023, unaweza kuzinunulia kisomeo cha CD pembeni ukakichomeka, lakini mara ya kwanza lazima mashine iingie intaneti ili vitambulishane. PS5 Pro ya Novemba 2024 ilikuja bila kisomeo kabisa. Nintendo Switch 2 ya Juni 2025 ina kadi nyingine ambazo ndani yake hamna gemu, mna ufunguo tu, gemu yenyewe utaishusha kwa bando lako.

Na hili walishalijaribu waziwazi. Microsoft walipoitangaza Xbox One mwaka 2013, mpango ulikuwa mashine iripoti mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, na gemu zilizotumika ziuzwe kwa masharti yao. Don Mattrick, aliyekuwa mkuu wa Xbox, alipoulizwa kuhusu wasio na intaneti alijibu kwamba hao wanayo mashine yao, inaitwa Xbox 360. Watu wakachachamaa, na tarehe 19 Juni mpango ukafutwa. Mimi wakati huo nilikuwa na PS2 zangu na modemu ya kuchomeka inayoshika mtandao ukiining'iniza dirishani. Nilielewa kabisa kwamba alikuwa anasema na mimi.

Mbona akaunti zako zote zinasoma Marekani?

Fungua orodha ya nchi za PlayStation Network, mtandao wa akaunti na duka la PlayStation. Tanzania haimo. Kenya haimo, Uganda haimo. Katika Afrika nzima kuna Afrika Kusini. Oman imo na Falme za Kiarabu zimo, ndiyo maana binamu yangu wa Muscat hanielewi nikimwambia nimehamia Texas. Nina wateja watatu ambao kwa mujibu wa akaunti zao wanaishi nyumba moja Beverly Hills, kwa sababu 90210 ni msimbo wa posta rahisi kuukumbuka.

Mtu wa nje anaweza kuona ni kichekesho kidogo. Lakini mwaka 2024 ilitokea hivi. Helldivers 2, gemu inayouzwa na Sony, ilikuwa ikichezwa kwenye kompyuta duniani kote, na watu wa nchi zisizo kwenye orodha walikuwa wameinunua kwa pesa zao. Mwezi Mei Sony wakatangaza kwamba kila mchezaji wa kompyuta lazima aunganishe akaunti ya PlayStation. Asiye na nchi kwenye orodha afanye nini? Gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi na maeneo zaidi ya 170. Wachezaji wakaimwagia malalamiko kwa malaki, na baada ya siku chache sharti likafutwa. Kelele zile zilitoka zaidi Ulaya na Marekani, kwa watu ambao wenyewe hawakuguswa, na kwa hilo nawashukuru. Sisi tungepiga kelele peke yetu mpaka leo.

Mimi mwenyewe niliwahi kufungiwa akaunti, na kampuni siitaji. Nilinunua kadi ya zawadi kwa dalali wa WhatsApp, ikaingia vizuri, siku ya tatu nikaamka nimefungiwa. Nikaandika barua pepe. Nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, nikajibiwa kwa upole mkubwa kwamba uamuzi ni wa mwisho. Gemu kumi na moja zikaenda na maji. Je, kadi ilikuwa ya wizi? Huenda. Lakini ningenunua wapi ya halali, ikiwa duka lenyewe halinitambui nchi yangu?

Kwa nini PS5 haishuki bei kama PS2 zamani?

PS2 iliingia soko la Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, na mwaka 2009 ilikuwa dola 99. Ndiyo mpaka leo mashine iliyouzwa kuliko zote, zaidi ya milioni 155, na sababu moja ni hiyo. Mashine ikizeeka inakuwa rahisi, mtoto wa fundi cherehani naye anaipata.

PS5 yenye CD ilianza kwa dola 499 mwaka 2020. Agosti 2025, ikiwa na miaka karibu mitano, ikapandishwa Marekani hadi 549.99. Sababu zinazotajwa ni hali ya uchumi, watu wanaongeza ushuru wa Marekani na bei za vipuri, na sikatai. Ila zamani Sony alikuwa anaogopa: Sega wapo, Nintendo wapo, Microsoft anaingia na pesa za Windows. Sega waliacha kutengeneza mashine mwaka 2001. Mwaka 2025 Microsoft walipandisha bei ya Xbox mara mbili mwaka huo huo. Muuza maandazi akipandisha bei na jirani yake akipandisha zaidi, ataogopa nini?

Ushauri wangu kwa ndugu walioko nje: msinunue mpya. Tumeni PS4 iliyotumika na pedi mbili, halafu pesa inayobaki nunueni stebilaiza. Umeme wetu umeua mashine nyingi kuliko uzee.

Microsoft kuinunua Activision, mimi wa Tanga yananihusu nini?

Activision ndio wenye Call of Duty, gemu ya vita. Biashara ilitangazwa Januari 2022, dola bilioni 68.7, kiasi kisicho mbali na pato la Tanzania nzima kwa mwaka. Tume ya biashara ya Marekani iliwashtaki, Uingereza ikakataa kwanza halafu ikakubali baada ya haki za kuchezesha gemu hizo moja kwa moja mtandaoni kupewa Ubisoft, na biashara ikakamilika tarehe 13 Oktoba 2023. Kesi nzima watu waliigeuza kuwa mambo ya Call of Duty: itabaki PlayStation au haibaki? Ikabaki, kukawa na mkataba wa miaka kumi.

Mimi nilikuwa naangalia kwingine. Januari 2024 wafanyakazi 1,900 wa upande wa gemu wakapunguzwa. Mei mwaka huo ikafungwa Tango Gameworks ya Tokyo, iliyokuwa imetoa Hi-Fi Rush mwaka mmoja kabla, gemu iliyosifiwa na kupewa tuzo. (Baadaye Wakorea wa Krafton wakaichukua.) Oktoba 2025 kifurushi kikubwa cha Game Pass, huduma ya Microsoft ya kulipia gemu kwa mwezi, kikapanda kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Hilo ndilo linalokuhusu. Walipokuwa wanaomba kibali, hoja yao ilikuwa kwamba mchezaji atapata gemu nyingi kwa bei nafuu.

Na siku chache kabla, mwishoni mwa Septemba 2025, ilitangazwa kwamba EA, wenye ile gemu ya mpira, wananunuliwa kwa dola bilioni 55 na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia pamoja na kampuni ya uwekezaji ya Silver Lake na ile ya Jared Kushner, mkwe wa Trump. Ukimfunga rafiki yako tano bila pale bandani, kuna mtu Riyadh anahesabu.

Katika kampuni zote hizi, nani mwenye nguvu zaidi?

Watu hutegemea niseme Sony au Microsoft. Mimi nasema anayekaa mlangoni.

Vijana wengi wa hapa hawana mashine, wana simu. Simu ina mlango mmoja wa Google au mmoja wa Apple, na kiwango kilichozoeleka mlangoni kwa miaka kilikuwa asilimia 30. Kwa kiwango hicho, mtoto akinunua kitu cha shilingi 10,000 ndani ya gemu, 3,000 inaishia mlangoni kabla aliyeitengeneza hajaona kitu. Dalali wa nyumba anachukua kodi ya mwezi mmoja na kila mtu anamtukana. Huyu anachukua kila mwezi, milele, na anaitwa mbunifu. Maduka ya PlayStation, Xbox, Nintendo na Steam (duka la gemu za kompyuta) yana viwango vya aina hiyo hiyo, tusiwaonee Apple peke yao.

Aliyejaribu kubisha ni Epic, kampuni yenye gemu ya Fortnite. Tarehe 13 Agosti 2020 waliweka njia yao ya malipo ndani ya Fortnite, siku hiyo hiyo Apple na Google wakaitoa madukani, na Epic wakawa wameshaandaa mashtaka. Kesi ya Google, baraza la wazee wa mahakama likawapa Epic ushindi Desemba 2023. Ya Apple ilikwenda kwa kusuasua, na Aprili 2025 jaji Yvonne Gonzalez Rogers akasema Apple wamedharau amri yake. Fortnite ikarudi kwenye iPhone za Marekani mwezi uliofuata. Karibu miaka mitano ya mawakili! Na Epic wana pesa, na Tencent wa China ni miongoni mwa wenye hisa zao wakubwa. Kijana wa Mbeya aliyetengeneza gemu ya bao akionewa mlangoni ataanzia wapi?

Lakini Epic nao msiwafanye walii. Desemba 2022 walikubali kulipa dola milioni 520 Marekani kwa makosa ya kukusanya taarifa za watoto na kupanga vitufe hivi kwamba mtu ananunua bila kukusudia.

Banda lako si ni kama dubwi tu? Gemu na kamari kuna tofauti gani?

Hili huulizwa na kina mama, na mara moja liliulizwa na mjumbe wa mtaa akiwa na karatasi mkononi. Mama yangu, dubwi unatia sarafu ukitumaini sarafu zaidi. Hapa mtoto analipa 500, anacheza mechi, akifungwa anapisha mwingine. Hakuna anayeondoka na pesa ya mwenzie. Wakianza kuwekeana dau nazima TV, waulize wanangu wa jioni.

Sasa niseme ukweli usiopendeza. Kamari imeingia ndani ya gemu kwa mlango wa nyuma. Kwenye ile gemu ya mpira ya EA kuna pakiti: unalipa, unafungua, unapata wachezaji usiowajua kabla. Labda Mbappé, mara nyingi ni beki wa ligi daraja la pili. Kuna mwanga, kuna muziki, kuna kusimama kidogo kabla kadi haijageuka. Nimemwona kijana wa bodaboda akifungua pakiti kwenye PS4 yangu ya pili, pesa ya petroli, na uso wake ulikuwa ule ule wa watu wa dubwi: mdomo wazi kidogo, jicho halipepesi. Alifungua sita. Alipotoka hakucheza hata mechi moja.

Ubelgiji mwaka 2018 walisema hiyo ni kamari na ni kinyume cha sheria yao, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza Ubelgiji pointi za kununulia pakiti hizo. Kwingine kwingi inaendelea. Kwa hiyo mama, hofu yako ni ya kweli, ila usiiangalie kwenye banda langu, iangalie kwenye simu yako ambayo ina namba ya siri ya M-Pesa anayoijua mwanao.

Mwanangu anacheza sana, nifanye nini?

Kwangu wanafunzi hawaingii kabla ya saa kumi, na wenye sare hawaingii kabisa. Nyumbani ni kazi yako. China waliweka sheria mwaka 2021 kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa gemu kama ugonjwa tangu Januari 2022, lakini dalili zake ni nzito: mtu ameshindwa kujizuia, gemu inatangulia shule na watu, kwa muda mrefu. Mtoto anayekasirika ukimzimia TV dakika ya 88 si mgonjwa. Hata mimi ningekasirika.

FIFA imekwenda wapi? Na kwa nini Simba na Yanga hazimo?

EA na FIFA walishindwana mwaka 2022. FIFA 23 ikawa ya mwisho, na tangu Septemba 2023 inaitwa EA Sports FC. Wateja wangu bado wanasema FIFA na wataendelea kusema FIFA. Konami wa Japani nao gemu yao ya mpira, PES, waliigeuza eFootball mwaka 2021, ya bure, na ilivyotoka sura za wachezaji zilikuwa za kutisha watoto.

Simba na Yanga hazimo kwa sababu kila jina, jezi na uso ndani ya gemu hizo unalipiwa mahali, na ligi yetu si soko la kuwakosesha usingizi. Hata wakubwa hulalamika. Zlatan Ibrahimović mwaka 2020 aliuliza hadharani nani aliwapa ruhusa ya kutumia jina na uso wake.

Lakini zimo! Zimo kwenye simu. Kuna programu iitwayo PPSSPP, ya tangu 2012, inayoifanya simu iwe PSP, ile PlayStation ndogo ya mkononi. Vijana wanachukua PES ya zamani, wanabadilisha jezi, majina, viwanja, wanapeana kwa flashi na WhatsApp. Nimeona moja yenye Yanga ambayo kipa amepewa kasi ya winga, bila shaka aliyeitengeneza ni Mwananchi. Programu yenyewe haina ubaya kisheria. Kunakili gemu ndiko kwenye kesi, na sitajifanya sijui: PS2 zangu za kwanza zilichipiwa, CD zilikuwa za kuchoma, na bila hizo pasingekuwa na banda, wala mteja wa leo anayenunua PS5 halali. Wenye nazo wenyewe wanajua kucheza pande mbili. Sony waliishtaki kampuni ya Connectix kwa kutengeneza programu ya kuchezea PlayStation kwenye kompyuta, wakashindwa kwenye rufaa mwaka 2000, mwaka uliofuata wakainunua.

Kuna kampuni yoyote unayoipenda, au wewe ni kulalamika tu?

Ipo. Wanaitwa Maleo, wa Indonesia. Mwaka 2017 walitoa gemu ya simu ya kuendesha mabasi, Bus Simulator Indonesia. Kitu kimoja walichofanya tofauti ni kumwachia mchezaji apake basi rangi anayotaka na aingize basi alilolichora mwenyewe. Basi. Watu wa Tanzania na Kenya wakaivamia. Leo utakuta vijana wanaochora mabasi ya Dar–Arusha na Nairobi–Mombasa kwa kila mstari, kila kibandiko cha kioo cha nyuma, na honi ile ile ya stendi. Wana makundi ya WhatsApp, wana ratiba, wanakemeana kwa mwendo kasi. Mteja wangu mmoja, utingo wa kweli, anacheza basi lake la kazini akiwa siku ya mapumziko. Nilimuuliza kulikoni. Akasema kwenye simu yeye ndiye dereva.

Hakuna aliyewaomba Maleo waje Tanga kufanya utafiti wa soko.

Ni kweli kwamba mashine hizi zina vita vya Kongo ndani yake?

Njoo mezani kwangu nikuonyeshe. PS3 za zamani, zile nene, zikikataa kuwaka kwa taa ya njano, tiba moja ya mafundi ni kutoa kapasita za kiwandani na kuchomea kapasita ndogo za tantali, ndogo kama punje ya mchele wa Mbeya. Tantali hutoka kwenye madini ya koltani. Mwaka 2000 simu na mashine zilipotaka kapasita kwa wingi, bei iliruka, na watu wakamiminika machimboni Kivu, na wenye silaha wakawafuata. Mwaka 2001 jopo la Umoja wa Mataifa liliyaandika hayo. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, Masisi, ambako wataalamu wanakadiria hutoka karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Desemba mwaka huo serikali ya Kongo ilifungua malalamiko ya jinai dhidi ya matawi ya Apple Ufaransa na Ubelgiji. Apple walikana, wakasema wameshawaambia wauzaji wao wasichukue madini Kongo wala Rwanda.

Sijui tantali ya kapasita ninazozichomea imetoka mgodi gani. Kopo lake limeandikwa jina la kiwanda na namba, hakuna zaidi. Aliyechimba kwa sululu pale Masisi pengine anazungumza Kiswahili kama mimi, na akiingia bandani tutaelewana bila mkalimani. Kampuni yenye uwezo wa kujua kama betri yangu ya PS4 imekufa ingeweza kujua na hilo, ikitaka.

Xbox au PlayStation?

Ile ambayo jirani yako anayo. Mtaazimana CD.

Pedi yangu inajiendesha yenyewe, mchezaji anakwenda kushoto. Unatengeneza?

Natengeneza. Ndani ya kile kijiti kuna kisahani chenye utando wa kaboni na kidole cha chuma kinachopita juu yake. Utando ukilika, pedi inadhani unasukuma wakati umeiacha. Karibu kampuni zote kubwa zinatumia mpango huo. Nintendo wameshtakiwa nchi kadhaa kwa ajili ya pedi za Switch, na rais wao, Furukawa, aliomba radhi mwaka 2020. Kinachoniudhi ni kwamba dawa ipo: kutumia sumaku badala ya utando, hakuna kinachosuguana. Pedi ya Sega Dreamcast ilikuwa nayo tangu miaka ya tisini. Pedi inayodumu haiuzwi mara ya pili, labda ndiyo sababu, labda ni gharama tu.

Kijiti cha kawaida ni kazi ya dakika arobaini na miguu kumi na minne ya kuchomoa risasi. Cha sumaku naagiza, kinachukua wiki tatu, ni ghali kidogo, na hutarudi kwangu kwa tatizo hilo tena. Leta siku za kati ya wiki, Jumamosi kuna ligi. Na uje na waya wako wa kuchajia, wangu wote wameondoka na wateja.